Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuandika funksheni mbadala pale laibrari ya mfumo haina unayoitaka

Haya ni maswali ya watu wanaoandika C na wanataka kodi ileile ikompailike kwenye Linux, BSD, macOS, Windows na vile vidude vidogo kama ruta. Mfano nitakaorudi nao sana ni strlcpy, funksheni ya kukopi stringi kwenye bafa bila kuvuka ukubwa wake, maana ni fupi na kila aina ya mtego unaokupata kwenye hii kazi unaupata pale.

Funksheni mbadala ndo nini, na mi naihitaji ya nini?

Umeandika programu kwenye Mac, unaita strlcpy, inakompaili freshi, unaipeleka kwenye seva ya Linux yenye glibc (laibrari ya C ya GNU) ya miaka kadhaa nyuma, linka inagoma na `undefined reference to 'strlcpy'`. Kodi yako haina kosa lolote, ila laibrari ya C ya pale haijawahi kuwa na hiyo funksheni. Funksheni mbadala ni ile unayoiandika mwenyewe na kuibeba ndani ya mradi wako, inatumika tu pale mfumo hauna ya kwake.

Na hii sio shida ya kufikirika. strlcpy iliandikwa na Todd Miller na Theo de Raadt, ikatoka na OpenBSD 2.4 mwaka 1998. FreeBSD, NetBSD, Solaris na macOS wakaichukua, glibc wakaikataa miaka na miaka, wakaja kuiweka kwenye toleo la 2.38 Agosti 2023, na POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix) ikaiingiza kwenye toleo la 2024. Piga hesabu, ni kama miaka 25 ambayo kila mradi makini wa C ulikuwa unatembea na nakala yake ya strlcpy mfukoni. OpenSSH toleo la mifumo mingine wana folda nzima inaitwa openbsd-compat kwa ajili ya vitu kama hivi, na kama unataka kujifunza hii kazi kwa kusoma kodi ya watu wanaojua, anzia pale.

Si niweke tu `#ifdef __linux__` nimalize?

Hapana, tafadhali. Linux ni kerneli, laibrari ya C ni kitu kingine kabisa. Juu ya Linux unaweza kukuta glibc, unaweza kukuta musl (ndo iko kwenye Alpine na OpenWrt), unaweza kukuta Bionic ya Android. musl na Bionic walikuwa na strlcpy siku nyingi kabla ya glibc, kwa hiyo ukisema "Linux haina strlcpy" umeshakosea kwa simu zote za Android duniani. Halafu musl kwa makusudi hawajaweka makro ya kujitambulisha, hamna kitu kama `__MUSL__` cha kukagua, na msimamo wao ni kwamba uliza funksheni ipo au haipo, usiulize wewe ni nani. Mi nakubaliana nao kabisa. Jina la mfumo linakupa kumbukumbu ya jinsi ulivyokuwa siku ulipoandika ile `#ifdef`, na mifumo inabadilika wakati `#ifdef` yako imelala palepale.

Sasa nitajuaje kama ipo?

Unaacha hatua ya konfigu ijaribu yenyewe kabla ya kukompaili. Autoconf ina AC_CHECK_FUNCS, Meson ina has_function, CMake ina check_symbol_exists. Zote wazo lao ni moja, wanaandika kiprogramu kidogo kinachotaja funksheni yako, wanajaribu kukikompaili na kukilinki, kikipita wanaandika HAVE_STRLCPY kwenye config.h.

Ila hapa watu wengi wanasahau kwamba kuna maswali mawili. La kwanza, je funksheni ipo ndani ya laibrari? La pili, je imetangazwa kwenye heda? Unaweza kupata jibu la ndiyo kwenye la kwanza na hapana kwenye la pili, kwa mfano kwenye glibc memmem na asprintf zipo ila heda inazificha mpaka uweke `_GNU_SOURCE` juu ya include zote, na ukikompaili kwa `-std=c99` hata strdup inafichwa. AC_CHECK_FUNCS inaangalia linka tu, haigusi heda.

Kwa nini nasisitiza hili la heda? Kwa sababu kompaila za zamani zikikutana na funksheni isiyotangazwa zinadhani inarudisha int, yaani biti 32, wakati pointa kwenye mashine ya biti 64 ni biti 64. strdup inarudisha anwani, nusu yake ya juu inakatwa, na programu inakrashi mbali kabisa na ulipokosea, tena kwenye mashine fulani tu na siku fulani tu kwa sababu anwani ndogo zinapita salama. Siku hizi Clang 16 na GCC 14 wamelifanya kuwa kosa la kukompaili na sio onyo tena, na mi naona ni moja ya mabadiliko bora waliyowahi kufanya, ila ukiwa na kompaila ya nyuma ya hapo washa `-Werror=implicit-function-declaration` mwenyewe.

Halafu kuna mtego mdogo wa Autoconf. HAVE_STRLCPY inakuwepo au haipo, lakini ile inayotoka kwa AC_CHECK_DECLS, yaani HAVE_DECL_STRLCPY, inakuwepo muda wote, ikiwa 1 au 0. Kwa hiyo ukiandika `#ifdef HAVE_DECL_STRLCPY` jibu ni ndiyo siku zote, hata pale haipo. Hiyo unaiandikia `#if`.

Nionyeshe moja basi, nzima.

Heda yako ya ndani, tuiite px.h:

```
#ifdef HAVE_STRLCPY
# define px_strlcpy strlcpy
#else
size_t px_strlcpy(char *, const char *, size_t);
#endif
```

Na faili la pembeni px_strlcpy.c:

```
#include "config.h"
#ifndef HAVE_STRLCPY
#include <string.h>
#include "px.h"

size_t
px_strlcpy(char *dst, const char *src, size_t dsize)
{
    size_t n = strlen(src);

    if (dsize != 0) {
        size_t k = n < dsize ? n : dsize - 1;
        memcpy(dst, src, k);
        dst[k] = '\0';
    }
    return n;
}
#endif
```

Inaonekana rahisi, sasa itazame polepole. Inarudisha urefu wa chanzo, sio idadi ya baiti ilizokopi. Ukikopi "Dodoma" kwenye bafa ya baiti 4 unapata "Dod" na jibu ni 6. Bafa ya baiti 6, unapata "Dodom" na jibu bado 6. Bafa ya baiti 7, neno zima limeingia na jibu ni 6 vilevile. Aliyeita anajua imekatwa kwa kulinganisha, `if (px_strlcpy(b, s, sizeof b) >= sizeof b)`, na ndo maana ile ya baiti 6 inahesabika imekatwa. Ukubwa ukiwa 0 haigusi bafa hata kidogo ila inarudisha 6 kama kawaida, ni njia ya watu kuuliza "nahitaji nafasi kiasi gani".

Sasa chukua mtu anayeandika mbadala kwa haraka kwa kuita strncpy halafu anaweka sifuri mwishoni na kurudisha strlen ya dst. Inakopi sawasawa, inamaliza na sifuri sawasawa, ila kule kukagua kama imekatwa hakufanyi kazi tena hata siku moja, maana jibu litakuwa dogo kuliko bafa kila mara. Njia ya faili inakatwa katikati, programu inafungua faili lingine, na hamna aliyeambiwa. Kwa hiyo hii ndo kanuni ninayoishikilia kuliko zote kwenye hii kazi: mbadala inabidi iheshimu mkataba mzima wa ile ya asili, jibu inalorudisha, errno inayoweka, inachofanya ukubwa ukiwa sifuri, inachofanya nafasi ikiisha. Mbadala inayokaribiana ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu bila mbadala linka inakupigia kelele, na ukiwa na inayokaribiana kila kitu kinanyamaza.

Kwa nini uliipa jina la px_strlcpy? Si uiite strlcpy moja kwa moja?

Kwenye programu ndogo unayoikompaili mwenyewe unaweza, OpenSSH wanafanya hivyo na wanaishi. Ila waulize waliokuwa na `static size_t strlcpy(...)` kwenye kodi yao bila kukagua chochote, wakijua glibc haina. Siku glibc 2.38 ilipotoka string.h ikaanza kuitangaza na kompaila ikagoma kwamba yako ya static imekuja baada ya isiyo static.

Na kama unaandika laibrari ya kutumiwa na wengine ndo kabisa usifanye. Ukitoa alama (symbol) inayoitwa strlcpy ndani ya laibrari yako, na laibrari nyingine nayo ina yake, programu inayozilinki zote mbili inapata mojawapo na hujui ni ipi. Weka kiambishi. Gnulib, mkusanyiko wa GNU wa funksheni mbadala, nao wanatumia rpl_ mbele ya jina pale mbadala yao inapochukua nafasi ya funksheni ambayo mfumo tayari unayo.

Vipi kama funksheni ipo, ila inafanya kitu tofauti?

Hapa ndo pagumu kuliko haipo. strerror_r kwa mfano. Ya POSIX inarudisha int na ujumbe inauandika kwenye bafa yako. Ya GNU, ambayo glibc inakupa ukiwa na `_GNU_SOURCE`, inarudisha `char *` na inaweza isiiguse bafa yako kabisa. Ukaandika kodi kwa kufuata POSIX halafu ukachapisha bafa, unachapisha takataka zilizokuwepo kwenye kumbukumbu.

qsort_r nayo hivyohivyo, glibc inaweka ile hoja ya ziada mwishoni, BSD za asili na macOS wanaiweka kabla ya funksheni ya kulinganisha, na hata ndani ya funksheni ya kulinganisha mpangilio unageuka. FreeBSD 14 walihamia mpangilio ambao POSIX imeukubali, kwa hiyo sasa hata "FreeBSD" peke yake haitoshi kukujibu. Kwenye Windows gmtime_s inapokea hoja kinyume na gmtime_r, na ile `_snprintf` yao ya zamani ikijaza bafa haiweki sifuri mwishoni. Snprintf ya kueleweka ilikuja na Visual Studio 2015.

Kwa hizi, kukagua jina hakutoshi. Inabidi jaribio la konfigu litumie aina zenyewe, unaandika kiprogramu kinachotangaza upya strerror_r kwa sura ya POSIX, kompaila ikikataa unajua umekutana na ya GNU. Au, na mi kwa qsort_r ndo ningefanya hivi, unaacha kabisa ya mfumo na kutumia yako kila mahali, kodi moja tabia moja.

Nimeandika memset yangu kwa ajili ya kifaa kisicho na laibrari, programu inajiita yenyewe mpaka staki inaisha. Nini hiki?

Kompaila imekuwa na akili kuliko ulivyotegemea. GCC ikiona kitanzi kinachojaza baiti moja moja inakitambua, inasema hii ni memset, inakitoa na kuweka mwito wa memset. Na wewe uko ndani ya memset. Likompaili hilo faili kwa `-fno-builtin` pamoja na `-fno-tree-loop-distribute-patterns`, halafu fungua asembli uhakikishe mwenyewe mwito haupo.

Ndugu yake ni tatizo la kufuta siri. Unaita memset kufuta nenosiri kabla ya funksheni kuisha, kompaila inaona hamna atakayeisoma ile bafa tena, inaufuta mwito wenyewe na nenosiri linabaki kwenye kumbukumbu. Ndo maana ya explicit_bzero, iliyoingia OpenBSD 5.5 mwaka 2014 na glibc 2.25 mwaka 2017. Mbadala yake inayotumika sana ni kuita memset kupitia pointa ya funksheni iliyo volatile, ili kompaila isiwe na uhakika inaita nini. Windows wana SecureZeroMemory, C23 imeleta memset_explicit, tumia hizo zikiwepo kabla ya kwenda kwenye ujanja.

arc4random haipo. Naweza kuweka rand yenye srand ya muda?

Hapana. Hapana kabisa. Hii ni sehemu moja ambayo ningependa programu ife kuliko iendelee. Mtu akiita arc4random_buf anaomba baiti zisizobashirika, labda anatengeneza ufunguo au tokeni ya kuingilia, na rand iliyoanzishwa kwa muda wa saa inabashirika na yeyote anayejua programu iliwashwa saa ngapi. Inakompaili, inatesti vizuri, namba zinaonekana za ovyo kwa macho, na ufunguo wote umeenda na maji.

Mpangilio unaofaa ni huu, arc4random_buf ikiwepo (glibc wanayo tangu 2.36, mwaka 2022) itumie, ikikosekana nenda getentropy, ukikumbuka haikupi zaidi ya baiti 256 kwa mwito mmoja kwa hiyo weka kitanzi, ikikosekana nenda getrandom ambayo kerneli ya Linux inayo tangu 3.17 ya 2014. /dev/urandom ni ya mwisho, na ujue inaweza kushindwa kufunguka, ndani ya chroot haipo au mchakato umemaliza idadi ya faili unaoruhusiwa kufungua. Vyote vikigoma, abort. Usirudishe sifuri, usirudishe muda, abort.

Kwenye Mac inakompaili, kwa mteja mwenye macOS ya zamani inakrashi. Konfigu si ilisema ipo?

Konfigu ilisema kweli kuhusu SDK yako, sio kuhusu mashine ya mteja. Kesi iliyowasumbua wengi ni clock_gettime, iliyoingia macOS 10.12 mwaka 2016. Ukikompaili na SDK ya 10.12 ukalenga 10.11, linka inaikubali kama alama dhaifu, na kwenye 10.11 pointa ni tupu, ukiita unakrashi. Washa `-Werror=partial-availability` wakati wa konfigu ili jaribio linaloangalia heda lishindwe, basi mbadala yako itaingia.

Android nayo ina mambo hayohayo, getrandom na getentropy ziko kuanzia API 28, reallocarray kuanzia 29, ila pale heda zinafuata kiwango cha API ulicholenga kwa hiyo jaribio linaloangalia heda linakuokoa.

Nakompailia ruta nikiwa kwenye laptopu, napata `undefined reference to 'rpl_malloc'`. Ni nini?

Autoconf ilitaka kuendesha jaribio la kuona malloc(0) inarudisha nini, ikashindwa kwa sababu programu ya ruta haiendeshwi kwenye laptopu yako, ikachagua jibu baya zaidi na kubadilisha malloc kuwa rpl_malloc ambayo mradi haukuiandika. Mpe jibu mwenyewe: `ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes ./configure --host=...`. Na ukiwa wewe ndo mwenye mradi, toa tu AC_FUNC_MALLOC kama kodi yako haiombi baiti sifuri. Kwa ujumla majaribio ya kuendesha yaepuke, ya kukompaili na kulinki yanatosha mara nyingi.

Nitaitesti vipi wakati mashine yangu inayo ya asili?

Idanganye konfigu: `ac_cv_func_strlcpy=no ./configure`. Weka hii kama kazi ya kudumu kwenye CI (mashine inayokompaili na kutesti kila badiliko), maana mbadala isiyokompailiwa na mtu inaoza, heda zinabadilika na hamna anayejua mpaka mtumiaji mmoja wa mfumo wa zamani alalamike.

Kitu kingine kizuri kwa mashine yenye ya asili ni kwamba unaweza kuziweka mbili pamoja. Kwenye faili la testi kompaili yako kwa jina la px_strlcpy na ya mfumo kwa jina lake, zipe vitu vilevile, linganisha jibu na kila baiti ya bafa ikiwemo zile zilizo nje ya mpaka, ambazo ulizijaza alama mapema uone kama kuna aliyezigusa. Ukubwa 0, ukubwa 1, ukubwa sawa na urefu, urefu ongeza moja, stringi tupu. Bagi nyingi ziko kwenye hizo tano.

Niandike mwenyewe au nikope?

Kama ni ya mistari kumi na mkataba wake uko wazi, andika, utajifunza. Kama ni kitu kama getopt_long, fnmatch au printf yenye namba za desimali, kopa. Faili za OpenBSD nyingi ziko kwenye leseni ya ISC au BSD, unachotakiwa ni kubakiza tangazo la hakimiliki juu ya faili. Gnulib imejaa vitu vilivyopigwa msasa kwa miaka, ila leseni inatofautiana moduli kwa moduli, nyingine LGPL nyingine GPL, kwa hiyo soma kabla ya kuingiza kwenye mradi usio wa GPL. Kwenye Linux kuna libbsd pia, laibrari iliyobeba funksheni za BSD, hapo huandiki kitu, unalinki tu.

Na fork kwenye Windows?

Usijaribu. Hiyo sio funksheni iliyokosekana, ni mfumo wenyewe haufanyi kazi hivyo. Panda ngazi moja juu, andika funksheni yako ya "anzisha programu nyingine", ndani yake huku posix_spawn na kule CreateProcess.

Lini naweza kuitoa mbadala?

Pale mfumo wa zamani kabisa uliotangaza kuusapoti umeshaipata. Sio pale laptopu yako imeipata. Kwa strlcpy bado kuna seva nyingi ziko kwenye glibc ya chini ya 2.38, maana matoleo ya muda mrefu ya Linux yanabaki na glibc waliyotoka nayo, Ubuntu 22.04 iko na 2.35 na Debian 12 iko na 2.36. Andika juu ya kila faili la mbadala ni mfumo gani unaihitaji na tangu lini ya asili ipo, mstari mmoja wa komenti, ili atakayekuja kufuta asiogope na asifute mapema.